Kaya Chache za Upande wa Juu

Mwaka 2011, masika yalipochelewa hadi katikati ya Machi, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, mjane wa mwaka wa nne, na mwanafunzi. Neno hilo la mwisho naliandika kwa makusudi, kwa sababu wapo waliolicheka wakati ule na bado wapo hai. Nilikuwa najiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, ule wanaoufanya watu walioikosa sekondari katika umri wake, na kila Jumatatu na Jumatano mchana nilishuka kwa miguu kutoka kitongoji chetu, kilicho juu ya Gitting mahali ambapo mashamba ya ngano yanakoma na msitu wa Mlima Hanang unaanza, hadi kwenye darasa tuliloazimwa baada ya watoto kwenda nyumbani. Madawati yalikuwa mafupi. Nilikaa upandeupande, magoti nje, daftari juu ya paja, na sikumwonea aibu mtu yeyote.

Nisingeandika sura hii kama si maziko ya Ama Paulina, Jumamosi ya tarehe 7 Juni 2025. Ama ndilo jina la heshima tunalomwitia bibi kwa lugha yetu, na yeye alikuwa ama wa kitongoji kizima. Kijana aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu, msomi wa chuo, alisoma kutoka kwenye simu yake, akasema kwamba marehemu “ameacha watoto wachache na wajukuu kadhaa.” Waombolezaji waliitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa mstari wa pili, nikalishika kwa nguvu pindo la kitenge. Watu walipoanza kutawanyika nilimwita pembeni. Aliniamkia vizuri, shikamoo Bibi, nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza wajukuu kadhaa ni wangapi. Akatabasamu. “Ah, Bibi, ni namna ya kusema tu.” Nilimwacha aende, kwa kuwa palikuwa msibani, lakini maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia, karibu vilevile, miaka kumi na minne nyuma, kutoka kwa mtu aliyekuwa karibu kutunyang’anya maji kwa kalamu.

Mtu huyo nitamwita mtaalamu, kama tulivyomwita wakati ule. Alikuja Alhamisi, tarehe 17 Machi 2011, akiwa na viatu vya mpira visivyokuwa na tope hata tone, kuangalia chemchemi yetu. Ulikuwepo mradi wa maji uliokusudia kuikinga chemchemi hiyo na kuyashusha maji kwa bomba hadi vijiji vya chini. Tulimpokea nyumbani kwa Ama Paulina, kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na maji. Nakikumbuka chumba kile kuliko ninavyovikumbuka vyumba vyangu mwenyewe: ukuta wa udongo uliosuguliwa ukang’aa, kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, na, kando ya mlango wa jikoni, safu ya vigingi vya mti ambavyo kila mtu wa nyumba ile alitundika chombo chake cha kunywea. Palikuwa na vikombe vya bati, vikombe vya plastiki, na mwishoni kabisa, vigingi viwili vyenye kata ndogo za kibuyu, nyeusi kwa moshi, ambazo sikuwahi kuona mtu akizishusha. Mgeni alipewa chai ya maziwa na viazi vitamu. Alikula vizuri, alisifu chai, halafu akafungua daftari na kuuliza: “Kitongoji hiki kina kaya ngapi? Na watu wangapi?”

Mzee Boay, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alikohoa na kunigeukia. “Mama Yohana ndiye katibu,” alisema. “Ndiye msomi wetu.” Nami msomi nikajibu kama mama yangu angejibu, na kama mama yake angejibu: “Tupo wachache tu, baba. Mungu ametusaidia.”

Msomaji asiyetoka kwetu anastahili kuelezwa. Kwa Wairaqw wa umri wetu, watu na mifugo hawatajwi kwa hesabu. Ukimuuliza mwenye zizi lililojaa ana ng’ombe wangapi, atakwambia anao wawili watatu wa kupoza njaa. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi, atasema wapo, ni wachache. Anayetaja idadi kwa sauti anakionyesha alichonacho kwa kila jicho na kila sikio, na si kila sikio linakutakia mema. Kila mtu pale chumbani alilielewa jibu langu: tulikuwa wengi, wazima, tukishukuru. Mtu mmoja tu hakulielewa, na ndiye aliyekuwa na kalamu. Hakuuliza mara ya pili. Wanawake saba walisimama, mimi mmojawao, tukamuuliza, maji yakikingwa hapa na kupelekwa chini, sisi tutachota wapi. “Hilo litazingatiwa, mama zangu,” alisema, akaongezewa chai.

Jumatatu ya tarehe 25 Julai, kukiwa na baridi ile inayofanya chaki ikatike mikononi, Mwalimu Tarmo alitufundisha namna Waingereza wanavyotaja wingi. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka kumi na miwili. Nje ya mlango aliniamkia shikamoo. Ndani ya mlango mimi ndiye niliyesimama alipoingia, na hakuna kati yetu aliyeona ugumu katika hilo. Aliandika ubaoni maneno kwa mstari: “a few,” “a number of,” “a handful of,” “the majority of.” Alitueleza kwamba la kwanza ni wachache wa kutosha, la pili ni kadhaa, la tatu ni kiasi cha kujaa kiganja, na la nne ni zaidi ya nusu, walau kwa anayesema. Nilinyoosha mkono nikauliza watu wanaingiaje kwenye kiganja. “Kwa Kiingereza wanaingia, Mama Yohana,” alisema. “Na mtu akikwambia ‘a number of people,’ usimuulize namba. Hana.” Darasa lilicheka. Bwana Hamisi, mfanyabiashara wa Katesh aliyekaa nyuma yangu na aliyekuwa akirudia masomo kwa sababu ya ubishi na mwanawe, alisema kwamba basi hicho ni Kiingereza cha mnadani. “Mimi nikiulizwa mzigo unaisha lini, nasema umebaki kidogo. Kidogo hicho nimekiuza tangu Krismasi.” Mwalimu alisubiri kicheko kiishe. “Haya ni magunia yaliyoshonwa mdomo,” alisema. “Yanafaa sana kwa kubebea. Ila mnunuzi mwenye akili hulifungua gunia.” Niliyaandika maneno yake pembeni mwa ukurasa, na daftari hilo ninalo.

Jumatano ya tarehe 10 Agosti, nikiwa njiani kwenda darasani, nilipita ofisi ya kata na kuona karatasi mpya ubaoni. Ilikuwa muhtasari wa ripoti ya mradi wa maji, kurasa nne, zote kwa Kiingereza, zimebandikwa mahali ambapo wasomaji wake wote walikuwa wakulima wa viazi na maharage. Kwa miaka arobaini nilikuwa nimepita mbele ya karatasi kama ile nikiinamisha macho. Siku hiyo nilisimama. Nilisoma polepole, kidole juu ya mstari, na katika ukurasa wa pili nikayakuta maneno ya ubao wa Mwalimu Tarmo, yamepangwa kama askari. Upande wa juu wa chemchemi, ilisema ripoti, kuna “a few scattered households,” yaani kaya chache zilizotawanyika. “The majority of residents,” yaani walio wengi, wameiunga mkono njia ya bomba. “A handful of women,” kiganja cha wanawake, walieleza wasiwasi. Kwa hiyo vituo vyote saba vya kuchotea vitajengwa chini, na chanzo kitazungushiwa uzio, na kuchota chanzoni kutakoma. Nilisoma tena ili nijiridhishe. Maji yalikuwa yanatoka ardhini hatua mia mbili kutoka mlango wa Ama Paulina, na Ama Paulina angetakiwa kuteremka saa nzima kwenda kuyapangia foleni, kisha kuyapandisha kichwani.

Nilinakili kurasa zote nne kwa mkono, nikachelewa darasani. Mwalimu Tarmo alipoona uso wangu hakuniuliza nilikokuwa. Baada ya kipindi alisoma nakala yangu akiwa amesimama dirishani, akasahihisha neno moja nililolikosea, kisha akanirudishia. “Ripoti hii haina uongo popote,” alisema. “Ndiyo ubaya wake. Huwezi kumshika mwongo kwa neno ambalo halina ukubwa.” Nikamwambia nitaandika barua, na kwamba barua hiyo itawaka. “Usiandike, mama. Ukiandika kwa hasira atajibu kwa adabu, na ataonekana mwema. Nenda ukamwombe namba.”

Nilikwenda Ijumaa, tarehe 12. Mtaalamu alikuwa ofisini kwa mtendaji wa kata, na mbele yao palikuwa na sahani ya mihogo ya kukaanga. Sikukaa. Nilimuuliza kaya chache ni ngapi. Alisema ni makadirio. Nilimuuliza walio wengi ni wengi wa nani, kwa kuwa mkutano wa kuunga mkono ulifanyika chini, siku ya mnada, na katika kitongoji chetu hakuna aliyealikwa. Alisema taratibu zilifuatwa. Nilimuuliza kiganja chake kina ukubwa gani, kwa sababu tulisimama wanawake saba, na mmoja wetu ni mrefu kuliko yeye. Mtendaji aliangalia mihogo. Mtaalamu akatabasamu, tabasamu lilelile nililokutana nalo msibani juzi kwenye uso mwingine, akasema: “Mama, ni namna ya kuandika tu.” Kisha akafungua daftari lake, akarudisha kurasa hadi Machi, akanigeuzia. Palikuwa na neno moja, kwa Kiswahili, kwa mwandiko mzuri: *wachache*. Na mbele yake: *kwa maelezo ya katibu*. “Ni wewe uliyeniambia.”

Nimekuwa na hasira nyingi maishani na nyingine sizijutii, lakini ile ya siku hiyo ilikuwa na makali pande mbili. Alikuwa amesema kweli. Neno lilikuwa langu. Mimi nilikuwa nimelitoa kuwakinga watu wangu, kama mtu anavyomfunika mtoto nguo asipigwe na jua. Yeye alilichukua, akalivusha katika lugha nyingine, na kule ng’ambo halikumfunika mtu tena, lilimfuta. Nimewaza sana tangu hapo juu ya maneno haya mawili yanayofanana. Sisi tunasema wachache kwa sababu tunajua kila mmoja kwa jina na tunaogopa kumpoteza. Wao wanasema wachache kwa sababu hawakujisumbua kupanda mlima. Sitakubali kamwe kwamba ni neno moja, hata kama kamusi zote zitanikatalia. Mtendaji alitamka uamuzi akiwa bado anatafuna: ramani ya bomba itapitishwa katika kikao cha Jumatano, tarehe 19 Oktoba; kama kitongoji cha juu kina watu zaidi ya walioandikwa, kilete idadi siku hiyo, vinginevyo kikae na uchache wake.

Nilidhani kazi ngumu ilikuwa imekwisha. Nilinunua daftari jipya, nikachora mistari, nikaanza kwa Ama Paulina, Jumapili baada ya ibada. Alinipa makande na maziwa ya mgando, tukala kwanza. Binti zake wawili na wake za wanawe walikuwa jikoni, na Mzee Boay alikuwa amekuja kuonja, kama kawaida yake harufu ya makande inapotoka. Nilipofungua daftari, mke mmoja wa mwana alisema kwa sauti ya kusikika, “Shule ya uzeeni imemfundisha kuhesabu watoto wa wenzake.” Mwingine akasema afadhali ningejifunza kushona. Nilieleza kuhusu ripoti. Walisikiliza, waliguna, walimlaani mtaalamu na viatu vyake, na bado hakuna aliyetaja hata kaya moja. Mzee Boay alisema, “Mama Yohana, andika tu wengi. Andika wengi sana.” Nilimjibu kwamba wengi sana ni gunia lililoshonwa kama lile la wachache. Hakunielewa, akaongeza makande.

Ama Paulina alingoja wamalize kelele. Kisha akanisimulia jambo ambalo wote walilijua na ambalo mbele yangu alikuwa hajawahi kulitamka. Zamani, akiwa mama kijana, alikuja mtu kutoka serikalini kuandika watoto wa kila nyumba. Mtu huyo aliwapanga watoto wa Ama mlangoni na kuwagusa utosini kwa penseli, mmoja mmoja, akitaja namba kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. “Hata mavuno hayakufika,” alisema. “Surua iliwachukua wa tatu na wa tano.” Hakusema majina yao. Alisema wa tatu na wa tano, kama yule mtu alivyowataja. Sikumwambia kwamba surua haisikilizi hesabu. Nilijua hivyo, nilikuwa nimeusoma ugonjwa huo katika kitabu cha baiolojia miezi miwili kabla, na sikuona kwamba kujua kwangu kulikuwa na kazi yoyote katika chumba kile. Nilifunga daftari. Niliwaambia basi, maji yaende, na nilisema kwa ukali ambao sikuwa na haki nao.

Wakati wa kuondoka nilisimama kando ya mlango wa jikoni ili nirudishe kikombe changu mahali pake, kwa sababu katika nyumba ile nami nilikuwa na kigingi. Hapo ndipo nilipoviona vile vyombo kana kwamba sikuwahi kuviona. Nilimgeukia. “Ama, mgeni akija akaviona vikombe hivi ukutani, utakuwa umemhesabia watu?” Akafikiri. “Vikombe ni vikombe,” alisema. “Na akivihesabu mwenyewe?” Kona ya mdomo wake ikapanda. “Akivihesabu mwenyewe, kinywa ni chake.”

Neno la vikombe lilipita nyumba kwa nyumba, na usiku wa kuamkia kikao sikuhitaji kumwamsha mtu. Alfajiri ya Jumatano, tarehe 19 Oktoba 2011, kitongoji cha juu kiliteremka na vyombo vyake vya kunywea, kimoja kwa kila kinywa, katika vikapu, matenga na ndoo. Kila nyumba ilipita mlangoni kwangu, nami katibu nikatazama kila kikapu kikipita, midomo nimeifunga, na kichwani, Mungu anisamehe au asinisamehe, nilihesabu. Nilihesabu nyumba kwa nyumba, na nilimjua mwenye kila kikombe. Kikapu cha Ama Paulina kilikuja cha mwisho, kimefunikwa kwa khanga. Aliniambia nimsaidie kukibeba, nami nikakibeba bila kukifunua; watu wa nyumba ile niliwajua, nikawajumlisha kichwani.

Tulivipanga vyombo kwenye uwanja wa ofisi ya kata, mstari baada ya mstari, kutoka kwenye nguzo ya bendera hadi ukingoni mwa shamba la mbaazi. Mtendaji alitoka, akasimama. Mtaalamu alitoka nyuma yake na ramani imekunjwa kwapani. “Hii ni nini, mama zangu? Mnafungua mgahawa?” Baadhi ya watu wa chini waliokuja kikaoni walicheka. Nilimwambia aliomba idadi, na idadi ndiyo hiyo. Kila kikombe kina kinywa chake huko juu. “Sasa ni ngapi?” aliuliza. Nikamjibu kwamba kwetu hatuhesabu. “Hesabu wewe, mtaalamu. Kalamu unayo.”

Akaanza akiwa amesimama, akinyoosha kidole. Kwenye mstari wa tatu alipotea, akarudi mwanzo. Mara ya pili Ama Paulina alimwuliza kwa upole kama kile kikombe cha kijani amekipita au bado, akapotea tena. Mara ya tatu aliinama, akawa anagusa kila chombo kwa ncha ya kalamu, akitaja namba kwa sauti ili asisahau, na jua lilikuwa limeshapanda, na mgongo wa shati lake ulikuwa umelowa. Hakuna aliyecheka tena. Mmoja wa watu wa chini, mwanamke nisiyemfahamu, alisema taratibu, “Kumbe wanaishi watu wote hawa.” Mwisho wa mstari wa mwisho palikuwa na kata mbili ndogo za kibuyu, nyeusi kwa moshi. Kalamu iligusa ya kwanza, ikagusa ya pili. Ama Paulina alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, mikono nyuma, akimwangalia mtu wa serikali akiwagusa. Hakufumba macho.

“Mia tatu kumi na saba,” alisema mtaalamu, akajinyoosha.

Kikao kilikaa. Katika muhtasari, ambao nilidai uandikwe kwa Kiswahili na nikangoja mlangoni hadi ukaandikwa, maneno “kaya chache” yalikatwa kwa mstari mmoja, na juu yake ikaandikwa idadi. Kitongoji cha juu kilipewa vituo viwili vya kuchotea, na njia ya kuchotea chanzoni ilibaki wazi. Mtendaji alisoma yote kwa sauti, akafika kwenye idadi, akanisogezea karatasi. “Katibu, mia tatu kumi na saba. Ni sahihi?”

Nyuma yangu Ama Paulina alikuwa akizifunga kata zake katika khanga, taratibu, moja kisha nyingine. Mimi nilikuwa nimehesabu mia tatu kumi na tano. Nilimjibu mtendaji kwamba ni sahihi, hakuna aliyesahauliwa, nikatia sahihi, saa nane na dakika ishirini mchana.